Barua ya wazi kwa uongozi wa shirika letu la ndege: kama safari inatua kuongeza mafuta, iandikwe kwenye tiketi

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
Mkurugenzi wa Biashara na Mkurugenzi wa Uendeshaji

Waheshimiwa,

YAH: SAFARI ZINAZOUZWA KUWA ZA MOJA KWA MOJA NA KUISHIA KUTUA NJIANI KUTAFUTA MAFUTA

Nawaandikia hadharani baada ya kuwaandikia faraghani mara tatu. Barua ya kwanza ilijibiwa kwa mstari mmoja, kwamba suala linafanyiwa kazi. Ya pili haikujibiwa. Baada ya ya tatu nilipigiwa simu na mtu mwenye adabu sana, akanishauri kwamba kwa kuwa nimestaafu, sasa nipumzike. Nimejaribu, nimeshindwa. Kila msimu wa upepo mkali unapoanza napokea ujumbe kutoka kwa watu niliowashauri mwenyewe wapande ndege yetu, wakiniuliza imekuwaje wamekaa saa nne ndani ya ndege iliyosimama katika nchi ambayo haimo kwenye tiketi yao.

Kwa miaka 22 nilikaa kwenye meza ya kupanga safari. Hiyo ndiyo meza ambako kila usiku mtu hupiga hesabu ndege iondoke na mafuta kiasi gani, ipite wapi, ibebe nini na iache nini. Sikufukuzwa, sina kesi na shirika, wala sitafuti cheo. Sitaji jina la shirika, wala njia, wala uwanja mnaotua. Ninyi mnavijua vyote vitatu, na wenzangu waliobaki kazini hawakuniambia lolote ninaloliandika hapa. Nimeliona mwenyewe kabla sijaondoka.

Naomba nieleweke mapema. Safari za bila kutua nimezipanga nyingi na nimezionea fahari. Safari za kutua kuongeza mafuta nimezipanga pia, nyingine kwa miaka mfululizo, na abiria walifika salama wakiwa wameridhika, kwa sababu walijua tangu siku ya kulipa nauli. Kosa letu ni kwamba kwenye safari yetu ndefu ya kwenda magharibi mmekataa kuchagua. Mnataka nauli ya bila kutua, mnataka viti vyote vijae, na mnataka ndege isiyotosha kwa hayo mawili ifanye yote mawili katika miezi ambayo upepo hauruhusu. Haya ndiyo yanayonisumbua.

1. Neno lenyewe

Kwa lugha yetu tunasema "moja kwa moja", na kila anayelisikia neno hilo anaelewa kwamba ataketi hapa na kushuka kule. Katika biashara ya ndege neno hilo lina tundu. Safari yenye nambari moja inaweza kuitwa ya moja kwa moja hata kama inatua njiani, ilimradi abiria habadilishi nambari ya safari. Wenye mashirika wanalijua tundu hilo, abiria halijui. Watu wa mauzo nao wamelizoea kiasi kwamba, abiria akiuliza "Inatua popote?", jibu linalotoka ni "Ni moja kwa moja", nalo si jibu la swali lake.

Tunayo maneno mawili mazuri yanayotosha: "bila kutua" na "inatua mara moja kwa mafuta". Sioni ugumu wa kuyaandika.

2. Uzito

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo yote yanapoanzia, na sidhani kama kila mjumbe wa Bodi amewahi kuelezwa.

Kila ndege ina uzito wa juu kabisa inaoruhusiwa kupaa nao. Boeing 787-9, kwa mfano, ni tani 254. Hakuna meneja, rubani wala waziri anayeweza kuuongeza uzito huo siku ya safari. Ndani yake wanagawana watatu: ndege yenyewe, mzigo (yaani watu na mabegi na shehena), na mafuta. Ndege haipungui. Kwa hiyo safari ikirefuka, au upepo wa mbele ukikaza, ule ambao mabaharia huuita upepo wa omo, mafuta lazima yaongezwe. Na uzito ukishagusa ukomo, kila kilo ya mafuta inayoingia inamtoa mtu au begi lake. Abiria mmoja pamoja na mzigo wake huhesabiwa kilo 100 hivi. Kwa hiyo tani 6 za mafuta ya kupambana na upepo ni abiria 60.

Na mafuta yenyewe hula mafuta. Kanuni ya mezani kwetu, ambayo mpangaji yeyote ataithibitisha, ni kwamba ndege kubwa huunguza kila saa kiasi cha asilimia 3 hadi 4 ya uzito wowote wa ziada inaoubeba. Pakia tani 10 za ziada mwanzoni mwa safari ya saa 15: utakapofika mwisho, karibu tani 4 zitakuwa zimeungua kwa kazi ya kuzibeba hizo hizo 10. Ndiyo maana ndege za mizigo kati ya Asia na Amerika ya Kaskazini hutua Anchorage, Alaska. Shehena hailalamiki ikikawia saa moja na ushei, kwa hiyo wanapakia mpaka mlangoni na kuchukua mafuta nusu ya njia, kuliko kuruka na matangi yaliyojaa juu ya sakafu tupu.

Kutua nako kuna bei yake, nami sitaificha. Kuna ada ya uwanja na ya huduma, mafuta kwa bei ya mwenyeji, na mafuta mengine ya kupanda upya hadi futi 30,000 na zaidi. Kuna matairi na breki. Kila kupaa na kutua huhesabiwa kwenye umri wa injini, wa miguu ya ndege na wa kiwiliwili chake. Kwa safari ya saa 8 au 9, kutua kwa mafuta ni hasara tupu, na anayependekeza hivyo hajui kazi. Lakini ukifika kwenye saa 14, 15, 16, tena na ndege ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya umbali huo, mizani huanza kuinamia upande wa pili, na kwenye njia yetu, kwa miezi ya upepo, imeinama kabisa.

Nakumbuka usiku mmoja ambao hesabu yangu ilizidi ukomo kwa tani 5. Viti vyote vilikuwa vimeuzwa. Nikapiga simu idara ya biashara, nikaambiwa: "Acha mabegi, usiache abiria." Nikashuka hadi uwanjani kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu kile nilichokuwa nakiandika kwenye karatasi. Kontena za mabegi zilikuwa zimeshapanda. Zikashushwa, moja baada ya nyingine, zikavutwa kurudi gizani. Juu ya begi moja kulikuwa kumefungwa kigari cha mtoto kwa kamba nyekundu. Wazazi wake walikuwa juu, wameshafunga mikanda, hawana habari. Hakuna aliyewaambia mpaka walipokuwa wamesimama mbele ya ukanda wa mabegi upande wa pili wa dunia.

Kuacha begi si kosa la kiusalama; kinyume chake, nililiacha kwa ajili ya usalama. Kosa ni kwamba tulijua tangu mwezi ratiba ilipopangwa kwamba usiku wa namna ile utakuja, na utakuja mara nyingi.

3. Kuamua angani

Wasio wa kazi hii wanivumilie. Juu ya mafuta ya safari yenyewe, ndege hubeba akiba kadhaa: kwa kawaida asilimia 5 ya mafuta ya safari kwa yasiyotarajiwa, mafuta ya kufika uwanja mbadala, na akiba ya mwisho ya dakika 30 za kuzunguka angani, ambayo haipangiwi matumizi. Kanuni zinaruhusu pia utaratibu wa kituo cha uamuzi. Safari hupangwa kwa namna kwamba mbele ya safari kuna nukta ambapo rubani huhesabu upya. Mafuta yakitosha anaendelea hadi mwisho. Yasipotosha anatua kwenye uwanja wa karibu uliokwisha kuandaliwa. Kwa njia hiyo ile asilimia 5 huhesabiwa kwa kipande cha mwisho tu, na ndege huondoka ikiwa nyepesi zaidi.

Utaratibu huo ni halali na ni salama. Nimeutumia mara zisizohesabika, nao uliwekwa kwa ajili ya siku ambazo mambo yamebana kidogo. Ninyi mmeugeuza kuwa njia ya kuuza viti. Msimu mzima wa upepo, safari ya abiria 200 na zaidi inaamuliwa baada ya saa 9 angani, huku wao wamelala, kwa jambo ambalo lingeamuliwa ofisini miezi sita kabla.

Baya zaidi ni ile fomu. Kapteni anayetua kuongeza mafuta hupewa fomu ya kueleza kwa nini. Anayefika bila kutua hapewi kitu, ila jina lake hutajwa kwa sifa katika mkutano wa mwezi. Naomba Bodi iitazame fomu hiyo kwa jicho la usalama. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca, safari nambari 52, aina ya Boeing 707 kutoka Colombia, iliishiwa mafuta na kuanguka karibu na New York. Watu 73 walikufa. Ilikuwa imezungushwa angani kwa zaidi ya saa nzima, na marubani walieleza kwamba mafuta yanakwisha bila kutangaza dharura. Mazingira yao hayafanani na yetu, wala sijawahi kuona kapteni wetu hata mmoja akigusa akiba ya mwisho. Lakini kapteni anapoona mafuta yanapungua, kinywa chake kinapaswa kuwa chepesi, na fomu yenu inakifanya kizito.

4. Abiria anayekaa chini

Mwaka niliostaafu nilisafiri kwa safari hiyo hiyo kama abiria. Baada ya saa 10 ndege ikashuka, ikatua usiku, taa zikawashwa. Pembeni yangu alikuwa ameketi mama mmoja mtu mzima, anakwenda kwa binti yake aliyejifungua. Alikuwa amevua viatu njiani, na sasa miguu ilikuwa imevimba, viatu haviingii. Akaviweka mapajani, akanigeukia.

"Mwanangu, tumefika?"

"Bado, mama. Tumetua kuongeza mafuta."

"Mbona niliambiwa moja kwa moja?"

Sikuwa na jibu, na mimi ndiye niliyewahi kuipanga.

Mafuta yanapoingia huku abiria wamo ndani, kuna masharti, na ni masharti ya haki: mikanda ifunguliwe, njia kati ya viti iwe wazi, wahudumu wakae tayari milangoni ili watu watolewe haraka moto ukizuka. Kwa hiyo tuliketi. Kutembeatembea hakuruhusiwi, na foleni ya choo ikazuiwa. Hatukushushwa, kwa kuwa uwanja ule haukututarajia na hapakuwa na sehemu ya kutupokea. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kukaa safarini saa 4 au zaidi huongeza karibu mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Hatari hiyo kwa mtu mmoja mmoja bado ni ndogo, lakini hapo tulikuwa chini, kwenye ardhi imara, na bado mama yule hakuweza kusimama na kunyoosha miguu.

Kisha saa za wafanyakazi zikaisha. Marubani na wahudumu wana ukomo wa saa za kazi kwa siku, na muda wa kusubiri lori la mafuta unahesabiwa humo humo. Lori lilichelewa. Kapteni akatutangazia, kwa sauti ya mtu aliyechoka na anayeona haya, kwamba hana ruhusa ya kisheria kuendelea. Wafanyakazi wa kubadilishana nao hawakuwapo, maana kwenye ratiba kutua kule hakukuwapo. Hapo ndipo tuliposhushwa, tukalala kwenye viti vya uwanja mpaka mchana wa siku ya pili. Mama yule alitembea sakafuni na soksi.

Kumbe kama kutua kungekuwa kwenye ratiba, marubani wapya wangekuwa wanasubiri mlangoni.

5. Hesabu zilizogawanywa

Hili nitalisema kwa ufupi. Idara ya biashara huandika nauli ya ziada inayopatikana kwa kuuza "bila kutua". Idara ya uendeshaji huandika ada za uwanja wa dharura. Fidia, hoteli na kusafirisha mabegi yaliyoachwa huandikwa kwa huduma za wateja. Shehena iliyokataliwa haiandikwi popote. Kila idara inaona kipande chake, na hakuna karatasi hata moja inayoonyesha safari ile imeingiza nini na imetumia nini. Niliiomba karatasi hiyo katika barua zangu zote tatu.

Najua majibu mtakayotoa, kwa sababu nimekaa nayo vikao vingi.

Mtasema upepo hautabiriki. Upepo wa usiku mmoja, ni kweli. Upepo wa msimu unajulikana. Mkondo wa upepo wa juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki na hukaza majira ya baridi ya kaskazini mwa dunia. Kwa ajili hiyo ratiba duniani hupangwa kwa kumbukumbu za miaka iliyopita, na wengi hutumia kiwango cha asilimia 85, yaani muda wa safari unaotosha kwa siku 85 katika kila 100. Mwezi Desemba 2011 ndege za Boeing 757 za United Airlines zilizokuwa zikivuka Atlantiki kwenda Marekani zililazimika kutua kuongeza mafuta mara 43, kwa sababu zilikuwa zinaruka kwenye ncha ya uwezo wao na upepo wa mwaka ule ulizidi. Hiyo ilitangazwa dunia nzima. Anayepanga ncha ya uwezo baada ya hapo hawezi kusema ameshtukizwa.

Mtasema washindani wanaruka bila kutua. Tazameni wanavyofanya. Singapore Airlines walipoanza mwaka 2004 kuruka kutoka Singapore hadi Newark, jirani na New York, zaidi ya kilomita 15,000, walitumia Airbus A340-500, na ilipofika 2008 wakaibakiza na viti 100 tu vya daraja la biashara. Mwaka 2013 wakaiacha safari hiyo kabisa. Waliporudi mwaka 2018 walikuja na A350-900ULR, ndege yenye uwezo wa kubeba lita 165,000 za mafuta, na ndani yake wakaweka viti 161, bila daraja la kawaida hata kiti kimoja. Hivyo ndivyo umbali ule unavyolipiwa: kwa ndege yake maalumu na kwa viti vilivyotolewa. Sisi tunataka matokeo yao na viti vyetu vyote.

Mtasema ndege mpya zinakuja. Zikija nitafurahi. Lakini ndege mpya haiondoi mizani, inaisogeza tu. Qantas, shirika la Australia, kwa mpango wao wa kuruka Sydney hadi London bila kutua, wameagiza A350-1000 yenye tangi la ziada la lita 20,000, na wamepanga viti 238 katika ndege ambayo mashirika mengine huweka zaidi ya 300. Wameanza na hesabu, wakafikia viti.

Na mtasema, hili ndilo nililolisikia zaidi, kwamba kutua kwa mafuta ni aibu, ni mambo ya enzi za ndege za pangaboi. Kweli, mwaka 1947 Qantas walipoanza safari ya Sydney hadi London ilichukua siku 4 na kutua Darwin, Singapore, Calcutta, Karachi, Cairo na Tripoli. Lakini tazameni miaka ya karibuni. Kuanzia mwaka 2009 British Airways walikuwa na safari kutoka uwanja wa London City kwenda New York kwa ndege ndogo ya A318 yenye viti 32, vyote vya daraja la biashara. Njia ya kurukia ya uwanja ule ni fupi, ndege haikuweza kupaa na mafuta ya kutosha. Wakatua Shannon, Ireland. Wakati mafuta yanaingia, abiria walishuka na kumalizana na ukaguzi wa uhamiaji wa Marekani papo hapo, wakafika New York na kutoka kama abiria wa ndani ya nchi. Wakati wa kurudi, upepo ukiwa nyuma, hawakutua. Abiria wale walikuwa miongoni mwa wenye haraka kuliko wote, nao walilipa kwa hiari, maana kituo kiliandikwa na kilikuwa na faida kwao.

Tena Aprili 2024, Qantas hao hao walipoamua kukwepa anga ya Iran, safari yao ya Perth hadi London, kilomita 14,498, ilirefuka kupita kiasi. Walitangaza kwamba itapita Singapore kuchukua mafuta, na kwamba ile ya London kurudi Perth itaendelea bila kutua kwa kuwa upepo unaisaidia. Kwenda na kituo, kurudi bila kituo. Hakuna aliyewacheka.

Ninachokiomba kinafuata njia hiyo hiyo. Kwa msimu wa upepo, safari ya kwenda magharibi iwekewe kituo cha mafuta kwenye ratiba, na ya kurudi mashariki ibaki bila kutua. Kama Bodi haitaki kituo, basi viti vinavyouzwa kwa miezi hiyo vipunguzwe hadi kiwango ambacho ndege inakiweza pamoja na mabegi yao, hata kama nauli itapanda. Nitakubali lolote kati ya hayo mawili, ilimradi liamuliwe ofisini.

Kituo kikiwekwa, kiwe kituo kweli. Haki ya kutua nchi ya watu kwa mafuta bila kupakia wala kushusha abiria ilishaandikwa katika makubaliano ya Chicago mwaka 1944. Kisichoandikwa popote ni kwamba abiria lazima akae kwenye kiti. Kodini sehemu ya kupumzikia, wasioweza kutembea washushwe kwanza, na wafanyakazi wapya wawe wamelala mji ule tangu jana yake. Lori la mafuta liwe na saa yake. Tiketi iandikwe "inatua mara moja kwa mafuta", kwa herufi za ukubwa ule ule wa nauli.

Ile fomu ya makapteni ifutwe, na sifa za mkutano wa mwezi zikome. Abiria ambaye begi lake limeachwa aambiwe kabla mlango haujafungwa, ili anayetaka dawa yake au maziwa ya mtoto ajue la kufanya. Na ile karatasi moja ya hesabu, ya idara zote pamoja, iletwe mbele ya Bodi kwa kila njia inayozidi saa 13, ikionyesha pia mara ngapi tumetua bila kupanga. Nipo tayari kuja kuiandaa pamoja na vijana wa meza ya mipango, bila malipo, hata wiki nzima.

Ratiba ya majira ya baridi huanza Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Tiketi zake zimeshaanza kuuzwa, na juzi nimeangalia: bado zimeandikwa moja kwa moja. Naomba jibu lenu kwa maandishi kabla ya tarehe hiyo, ili waliokwisha kulipa wapate nafasi ya kubadilisha au kurudishiwa fedha zao.

Wenu mwaminifu,
Mpangaji safari za ndege, mstaafu

Nakala: Mamlaka ya usafiri wa anga
Chama cha marubani
Chama cha wahudumu wa ndege